Saa Mbili ya Mashine

Msusi hakuacha kusuka kwa sababu ya polisi. Alimwonyesha Inspekta kiti kwa kidevu, akaendelea kugawa nywele za mteja wake kwa ncha ya kitana, na maneno yake yakapita juu ya kichwa cha yule mteja kana kwamba hayupo.

"Simu ile pale, afande, karibu na mafuta. Ifungue mwenyewe. Haina siri, siri zangu nilizimaliza ujanani."

Inspekta aliichukua. Kazini walimwita Kiporo, kwa sababu majalada yaliyolala, yale ambayo wenzake wameyaonja wakayasukuma pembeni, yote huletewa yeye ayapashe moto. Alilijua jina hilo wala halikumuudhi. Siku hizi hapakuwa na mengi ya kumuudhi. Tangu amzike mkewe alikuwa amekufa ganzi. Alikula, alilala, alikwenda kazini, na aliyempa pole alijibiwa "asante" kama mtu anavyomwelekeza mgeni aliyepotea nyumba.

Kiporo cha safari hii kilikuwa cha fundi wa laini wa kampuni ya umeme. Alipanda nguzo iliyo nyuma ya saluni hii tarehe kumi na nne, akiamini umeme umekatwa. Ulikuwepo, na ukamuua palepale. Kampuni ilisema tangazo lake la kukata umeme lilitaja tarehe kumi na tano tangu mwanzo, na kwamba fundi alipanda siku isiyo yake. Kibali chake cha kupanda kiliungulia mfukoni mwake. Nakala ya kibali hicho, iliyopaswa kubaki ofisini, ilikuwa "haionekani kwa sasa". Mwendesha swichi alikwisha kuhojiwa, naye aliapa kwamba siku hiyo hakupewa amri ya kukata chochote. Alasiri hii Mkuu wa Kituo angetia sahihi jalada lifungwe, na mama wa marehemu angesomewa ripoti kwamba aliyemuua mwanawe ni mwanawe mwenyewe, kwa uzembe.

Kwenye kioo cha simu paliandikwa: Umeme kukatika. Tarehe 14. Saa mbili asubuhi.

"Uliandika mwenyewe?"

"Mimi niandike? Nina mikono mingapi? Kwenye ukurasa wao wa matangazo kuna kitufe, kimeandikwa Nikumbushe. Unakibonyeza, simu inajijaza yenyewe."

"Na tangazo lenyewe lilisema tarehe ngapi?"

"Afande, nisikudanganye. Niliona umeme, nikaona mtaa wetu, nikabonyeza. Nani anasoma?"

"Na siku ilipofika?"

"Niliwaambia wateja wa kukausha nywele wasije. Nikakaa hapa nimekunja mikono, nangoja giza. Taa zinaniwakia usoni! Kiwanda cha barafu hapo ng'ambo kinanguruma kama kawaida yake. Nikasema, kitufe kimenidanganya tena." Mikono yake ilipunguza mwendo. "Kisha nikasikia mlio. Kama mtu kapiga bati kwa rungu. Sikutoka kuangalia. Mpaka leo sijui kwa nini sikutoka."

Kiporo aliitazama simu tena.

"Umesema 'tena'. Kiliwahi kukudanganya?"

"Wacha tu! Mara ya kwanza kiliniamsha saa nane za usiku. Usiku wa manane, simu inalia, umeme kukatika! Mume wangu akaketi kitandani: nani huyo anakupigia saa hizi? Nikaapa kwa wazazi wangu wote wawili. Ndoa yangu nusura ivunjwe na kampuni ya umeme." Mteja alicheka, msusi akamgonga kichwani na kitana atulie. "Na tarehe yenyewe ilikuwa ya mwezi ambao si wake. Mara ya pili, vilevile. Hii ya mwisho tu ndiyo iliyolia asubuhi, kwa adabu zake."

Kiporo aliomba kukipiga picha kile kioo cha simu. Lile neno la saa nane za usiku alilichukua vilevile, bila kujua litamfaa nini. Katika kazi yake alikuwa amejifunza kuokota kwanza na kuuliza baadaye.

*

Mlinzi wa lango la kampuni alimwandika jina polepole, kalamu ikisuasua, mdomo ukikimbia.

"Unamtaka dada wa tovuti? Utampata, yupo. Ni mdogo wake marehemu, afande, tumbo moja ziwa moja. Tumezika Jumamosi, Jumatatu huyu hapa kazini. Hajalia. Sisi tumelia, hata mimi niliyekuwa namfungulia lango tu nimelia. Yeye chozi hata la kusingizia hana. Watu wanasema mengi."

"Wanasema nini?"

"Aa, mimi mlinzi. Mimi nasikia tu, sisemi," alisema mlinzi, ambaye alikuwa hajanyamaza tangu Kiporo afike.

Meneja alimpokea kwa mikono miwili na kwa sauti ya msibani. Aligeuza kioo cha kompyuta yake ili mgeni aone. Tangazo lilikuwa pale, na tarehe kumi na tano ilikuwa pale, nyeusi, imekolezwa.

"Hiyo unayoiona ndiyo iliyokuwepo. Hakuna mkono ulioigusa."

"Kitufe chake kinatoa tarehe kumi na nne."

"Kitufe!" Meneja alitabasamu kwa huzuni. "Kitufe hicho ni kichekesho cha ofisi hii. Binti ana tabia ya kunakili ukurasa wa zamani na kusahau kubadilisha mambo ya ndani. Muulize mwenyewe, hatakuficha, na ni damu ya marehemu. Sote tumeumia, afande. Lakini ukweli ukidhihiri, uongo hujitenga."

Kiporo alimshukuru. Alikuwa amesikia methali hiyo mara nyingi katika kazi yake, na mara nyingi zaidi ilitoka kinywani mwa waongo.

*

Chumba cha tovuti kilikuwa mwisho wa ukumbi, kati ya stoo ya mita mbovu na choo. Ndani palikuwa na meza, kompyuta, viti viwili na feni iliyogeuka upande mmoja ikakataa kurudi. Kwenye mgongo wa kiti cha wageni lilitundikwa koti la kazi la buluu, pana mabegani, lenye mkanda wa kung'aa. Kiporo alikaa kwenye ukingo ili asiliegemee.

"Pole kwa msiba, dada."

"Asante," alijibu. Kiporo aliitambua ile asante, ilikuwa kama ya kwake.

Alikuwa mwanamke kijana, kilemba cheusi, kucha fupi. Alizungumza akitazama kioo, sauti imenyooka, haipandi wala haishuki.

"Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu," Kiporo alisema. "Hutakosea sana."

"Kila tarehe kwenye ukurasa naiandika mara mbili. Hii hapa ni ya macho, anaisoma mtu. Tarehe kumi na tano, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni." Alibonyeza, na ukurasa ukageuka kama kitambaa kilichopinduliwa ndani nje, nyuzi tupu, mabano na alama. "Na hii ni ya mashine. Imefichwa ndani ya lebo, haya mabano. Mtu haioni. Mashine haijui jana wala kesho kutwa, inataka mwaka, kistari, mwezi, kistari, siku, halafu herufi T, halafu saa. Kitufe cha Nikumbushe kinasoma hii. Hakisomi ya macho."

"Na zikitofautiana?"

"Mtu anaamini lake, simu inaamini lake. Na siku ikiwa imeshapita, inangoja tu ile saa ifike, inalia."

Kiporo aliinama. Ndani ya lebo siku ilikuwa kumi na nne.

"Ni kosa langu," alisema binti kabla hajaulizwa. "La kunakili. Nikitaka tangazo jipya nachukua la zamani, nabadilisha yanayoonekana. Ya ndani nasahau. Tazama."

Alifungua la kabla yake, na la kabla ya hilo, na mengine. Alisema kweli. Kwa macho, kila tangazo lilikuwa na siku yake. Kwa mashine, yote yalikuwa na tarehe tatu ya mwezi uliopita, ileile, imerithiwa kutoka ukurasa hadi ukurasa.

Kiporo aliona msusi wake na simu yake vinayeyuka. Wakili yeyote angesimama akasema: kitufe kinadanganya, kimezoea kudanganya, na bingwa wa kudanganya huko huyu hapa amekiri. Aliuliza swali la mtu anayetafuta mlango mwingine.

"Kompyuta haiweki alama ukurasa ulipoguswa mara ya mwisho?"

"Inaweka. Ila zote zimepakiwa upya siku moja, nakala za nyuma zikafutika. Tulibadilisha nembo."

"Lini?"

"Siku moja baada ya kaka kufa."

"Kampuni imefiwa, inabadilisha nembo?"

"Meneja alisema ilikuwa imechelewa."

Kiporo alitazama vidole vyake. Vilikaa juu ya vitufe bila kubonyeza, vimetulia mno. Dada wa tumbo moja, anakazana kuonyesha kwamba kaka yake alipanda nguzo siku isiyo yake. Kama angekuwa analinda kazi tu, angenyamaza. Huyu hakunyamaza, alikuwa amelikimbilia kosa hata kabla halijaitwa.

"Nirudishe kwenye lile la kumi na nne," alisema. "Umesema ulinakili. Kila nakala ina mama yake. Mama wa hii ni ukurasa upi?"

"Wowote ule."

"Tumtafute."

"Afande, ni kurasa nyingi."

"Mimi naitwa Kiporo. Sina haraka."

Walizifungua zote, nyuma kabisa hadi ya kwanza. Yeye alifungua, Kiporo alisoma siku kwa sauti ya chini. Tatu, tatu, tatu. Huko nyuma, kabla hajaanza kusahau, tarehe za miezi iliyopita. Kumi na nne ya mwezi huu haikuwepo popote, na isingeweza kuwepo, kwa kuwa tangazo lilipoandikwa siku hiyo ilikuwa bado haijafika. Kosa la kunakili hurithi yaliyopita. Halitabiri yajayo.

"Basi kidole kiliteleza," alisema binti. "Nne na tano zimekaa jirani."

"Inawezekana. Lakini lebo zako ni mbili, ya kuanza na ya kumaliza. Zote zina kumi na nne. Kidole kiliteleza, kikainuka, kikajipangusa, kikateleza tena palepale?"

Feni ilinguruma ikipepea ukuta.

"Tuache siku," Kiporo alisema. "Nisomee saa. Kwenye hizi za zamani, baada ya T."

"Sifuri mbili, nukta mbili, sifuri sifuri."

"Ndiyo saa mbili asubuhi?"

"Hapana. Ni saa nane za usiku. Nilipoanza kazi niliandika saa kama tunavyozisema. Saa mbili, nikaandika mbili. Mashine haihesabu kama sisi, yenyewe inaanzia usiku wa manane. Nilikuja kujua baadaye. Nikasema nitarekebisha kesho, na kila kesho nikanakili."

"Kuna msusi nusura aachike kwa sababu hiyo."

Tabasamu lilijaribu kuja usoni pake, likaghairi.

"Na kwenye hii ya kumi na nne? Nisomee."

Alisoma, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Sifuri nane. Na ya kumaliza, kumi na sita."

"Ndiyo saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni kwa hesabu ya mashine. Sawasawa kabisa." Kiporo alirudi nyuma na kusahau koti, akaliegemea, akajiondoa. "Dada, katika kurasa zote hizi ni moja tu ambayo umeigeuza saa. Mtu aliyekaa akakokotoa saa kwa makini namna hiyo hakosei siku. Ukurasa huu ndio pekee ulioandikwa kwa akili zote, nawe unaniambia ndio wenye kosa. Nani alikuwa amekaa nawe?"

Aliendelea kutazama kioo. Aliposema, alisema kama mtu anayesoma tangazo la mwingine.

"Kaka. Alikaa hapo ulipokaa. Simu yake nayo ilikuwa inamwamsha usiku, wifi akawa anamnunia. Alikuja na koti lake na makelele yake. Mdogo wangu, kitufe chako kinaniharibia nyumba. Safari hii weka sawa, nguzo ni yangu. Akasimama juu yangu mpaka nikaandika. Kumi na nne, sifuri nane. Akabonyeza Nikumbushe palepale, akaniambia nimefaulu, akalisahau koti, akaondoka."

"Na tarehe ya macho?"

"Ilikuwa kumi na nne."

Kiporo hakusogea. Neno lile alikuwa amelitafuta tangu asubuhi, na lilipokuja hakuhisi kitu. Aliuliza kinachofuata kwa sababu ndiyo kazi.

"Ikawaje kumi na tano?"

"Ilikuwa siku ile ile, kabla ya adhuhuri. Meneja alipiga simu. Akasema kwenye tangazo kuna kosa dogo la tarehe, ni kumi na tano, rekebisha sasa hivi. Nilikuwa sijasikia lolote. Nikamuuliza, kosa la nani, bosi? Akasema, la kwako, la nani tena? Nikajua ninavyonakili, nikajua ninavyosahau. Nikaamini." Alivuta pumzi. "Nikabadilisha ya macho. Ya mashine sikuigusa, nilikuwa na haraka. Na nikamwomba radhi, afande. Nikamwambia samahani sana bosi, halitajirudia. Sijaweka simu chini, wifi akapiga."

Ukumbini mtu alipita akiburuta ndoo. Walingoja apite.

"Umejua tangu siku ile," Kiporo alisema.

"Nimejua na nimekataa kujua. Kama kosa ni langu la kunakili, basi tangazo lilisema kumi na tano siku zote, na mimi sikufuta kitu. Kaka alikosea siku, basi. Uzembe wa kaka naweza kuubeba, hata mama ataubeba. Lakini kwamba alikuwa bado yuko juu ya nguzo hawajamshusha, na mimi huku namfuta kwa kidole hiki, naomba na radhi…" Aliinua kidole cha shahada, akakitazama bila chuki. "Watu wanasema silii. Kulia kunatoka wapi? Nimekaa humu kama mwiko kwenye maji ya baridi, sihisi lolote."

Kiporo alifikiria la kumwambia, hakulipata. Angekuwa na la kumwambia angekuwa amejiambia mwenyewe kwanza.

"Kabla ya hapo," alisema, akikumbuka mngurumo aliousimulia msusi, "meneja aliwahi kutaja kiwanda cha barafu?"

"Asubuhi ile. Nilipita mlangoni kwake, akawa anasema na simu: msiwe na wasiwasi na barafu yenu, leo hatukati, tutakata kesho. Nilidhani ni mtaa mwingine."

Ndivyo ilivyokuwa, basi. Kiwanda kiliomba, meneja akakubali, na kati ya wote waliopaswa kuambiwa, aliyesahauliwa ni yule aliyekuwa anafunga mkanda wa kupandia. Kiporo alitoa karatasi ya maelezo na kuiweka mezani.

"Ukurasa usiuguse. Usiurudishe kumi na nne, hata kama mkono unakuwasha. Uache ulivyo, macho yaseme lake na mashine iseme lake, mahakama ivione vyote viwili. Wewe andika ulichonisimulia. Ukisaini, nakwenda kituoni kabla Mkuu hajatia sahihi yake. Na utaulizwa mbele ya watu. Mbele ya mama yako."

"Kuhusu ule msamaha nilioomba?"

"Kuhusu kila kitu."

Alichukua kalamu. Aliandika kwa mwandiko wa shule, wa duara, bila kufuta. Alipofika kwenye tarehe alisimama kidogo, kisha akaiandika kwa tarakimu na kwa maneno, zote mbili. Alikuwa anaweka sahihi mlango ulipogongwa na kufunguliwa kwa pamoja.

Meneja aliingiza kichwa na tabasamu lake la msibani. "Vipi, wapelelezi? Mmelipata lile kosa?"

Binti aligeuza kiti.

"Tumelipata, bosi. Safari hii si la kwangu."

Tabasamu lilibaki usoni pa meneja, limesahauliwa na mwenyewe. Macho yake yalikwenda kwenye karatasi, yakaenda kwenye kioo, yakasoma kumi na tano, yakatulia. Hapo ndipo Kiporo alipojua kwamba hata sasa mtu huyu haelewi kuna nini nyuma ya maandishi.

"Ingia, meneja," alisema, akasimama. "Funga mlango."

Alimwachia kiti. Meneja alikaa na kujiegemeza kwenye lile koti la buluu.

"Si hapo," alisema binti.

Alinyanyuka, akalivuta koti kutoka nyuma ya mgongo wa bosi wake, akalikunja na kulipakata. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, na yeye aliitazama kwa mshangao, kama mikono ya mtu mwingine iliyoletwa pale kuazimwa.